Matembezi katika Njia Ndogo za Kama

1. Mahali penyewe

Kama ni mji mdogo katika teritwari ya Pangi, mkoa wa Maniema, nchi ya Kongo. Mji mkuu wa mkoa ni Kindu, uliojengwa ukingoni mwa mto mkubwa Lualaba. Mtu akitoka Kindu na kushika njia ya mashariki, nchi huanza kuinuka kidogo kidogo. Vilima hufuatana, na mabonde katikati yake, na katika kila bonde kuna kijito. Vijito huingia katika mito, na mito, kama vile Elila na Ulindi, hutoka katika milima ya mashariki na kumwaga maji yake katika Lualaba.

Wenyeji wengi wa nchi hii ni Warega. Ni watu wa mwitu: hulima mashamba katikati ya miti mikubwa, huvua samaki katika vijito, na hujua kamba, majani na magome kuliko mgeni yeyote. Kijiji kimoja kimeunganishwa na kingine kwa njia ndogo za miguu. Njia hizo haziandikwi katika ramani kubwa, lakini bila hizo hakuna shamba lingelimwa, hakuna mtoto angefika shuleni, wala hakuna mgonjwa angefika kwa mganga.

2. Kutembea bila mzigo

Watu wengi husema kwamba mtu mwenye akili hatembei bure. Hutembea kwa sababu ana mzigo wa kupeleka sokoni, au ana deni la kudai, au amesikia habari ya msiba. Maneno hayo ni ya kweli kwa siku za kazi. Mama anayerudi shambani na mihogo na kuni mgongoni hana nafasi ya kutazama vipepeo. Macho yake yako chini, kwa maana njia ina utelezi.

Lakini kuna matembezi ya namna nyingine. Ni yale ya Dominika baada ya Misa, au ya siku ambayo mwalimu huwachukua wanafunzi wake nje ya darasa. Katika matembezi hayo hakuna mzigo, na hakuna haraka. Watu huenda polepole, husimama, hutazama, huuliza, kisha huendelea. Anayetembea hivyo hujifunza nchi yake kama vile mtu anavyojifunza kusoma kitabu: herufi moja moja kwanza, baadaye maneno, mwishoni habari nzima.

Wanafunzi wawili wa njia ya Emau nao walikuwa wakitembea kwa miguu jioni ile ya Pasaka, wakizungumza, Bwana Yesu alipowakaribia. Hawakumtambua mara moja. Mtu anaweza kutembea na kitu kikubwa ubavuni mwake asikione. Ndiyo sababu kutazama ni kazi ya kujifunza.

3. Namna ya kujitayarisha

Matembezi mazuri huanza asubuhi. Maniema iko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana na usiku karibu hulingana mwaka mzima. Jua hutua karibu saa kumi na mbili ya jioni, na giza huja upesi sana. Ndani ya mwitu giza huja mapema zaidi, kwa sababu majani ya miti mirefu huzuia mwanga. Mwenye busara huhesabu saa za kwenda na saa za kurudi, tena huongeza saa moja kwa ajili ya mvua.

Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Hupungua katika mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Wakati huo njia hukauka, vijito hushuka, na ndio wakati mzuri wa kutembea.

Watoto wasiende peke yao. Kundi la watu wanane au kumi linatosha. Mkubwa mmoja hutangulia, mkubwa mwingine huja nyuma ya wote, na wadogo huwekwa katikati. Kila mmoja huvaa viatu kama anavyo. Huchukua maji yaliyochemshwa, ndizi au mihogo ya kuchemsha, na panga moja kwa kundi zima, nalo hushikwa na mkubwa. Kabla ya kuondoka, huwaambia watu wa nyumbani njia watakayoifuata na saa ya kurudi. Jambo hilo ni dogo, lakini limeokoa wengi.

Wanafunzi wanaweza pia kupima urefu wa njia kwa miguu yao wenyewe. Kamba ya mita 20 hulazwa uwanjani. Kila mtoto huitembea kwa mwendo wake wa kawaida na kuhesabu hatua. Akihesabu hatua 40, kila hatua yake ni nusu mita. Basi hatua 2,000 ni kilomita moja. Mtoto akitoka shuleni mpaka kijitoni kwa hatua 3,000, amejua kwamba ametembea kilomita moja na nusu. Asipoteze hesabu, kila afikapo hatua 100 huhamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto.

4. Kuisoma njia

Mgeni huuliza: "Kwa nini njia hii imepinda? Hapa ni tambarare, hakuna jiwe wala shimo." Jibu ni hili. Zamani mti mkubwa ulianguka hapo. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuukata, basi watu wakauzunguka. Baada ya miaka mti ukaoza na kuliwa na mchwa, ukawa udongo. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kuzoea, na pindo limebaki. Hivyo kila pindo ni kumbukumbu ya kitu kilichokuwapo.

Tena, njia za zamani hupenda mgongo wa kilima. Hapo maji hayasimami, na udongo ni mgumu. Hushuka bondeni mahali pamoja tu, penye kivuko chepesi, kisha hupanda tena. Watu waliochagua njia hizo hawakuwa na vyombo vya kupimia. Walichagua kwa miguu, na waliofuata wakasahihisha.

Pembeni mwa njia miti nayo hueleza habari. Mahali palipo na mwitu wa tangu zamani, miti mikubwa husimama mbali mbali, na chini yake mna kivuli na nafasi ya kupita. Mahali palipokuwa shamba likaachwa, huota upesi mti wenye majani mapana yaliyopangwa kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na umbo lake ni la mwavuli. Mti huo hupenda jua. Hukua mbio, hutia kivuli, na chini ya kivuli chake miche ya miti mikubwa hupata nafasi ya kuota. Baada ya miaka kama 20 au 30 mti wa mwavuli hufa, na ile mingine huchukua mahali pake. Mwenye kuuona anajua: hapa watu walilima, wala si zamani sana.

Michikichi, ambayo wengi huiita ngazi, ina habari nyingine. Ikionekana michikichi mingi pamoja katikati ya mwitu, mara nyingi palikuwa na kijiji. Watu walikula ngazi, kokwa zikaanguka, miti ikaota. Watu wakahama, nyumba zikaoza, lakini ngazi zimebaki kama mashahidi.

Na shamba la mpunga nalo lina historia yake. Mpunga uliletwa katika Maniema katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa pwani pamoja na Wangwana. Leo mpunga ni chakula na biashara ya watu wengi wa mkoa, hata mtoto huweza kudhani ulikuwako tangu kuumbwa kwa dunia.

5. Mti wa viwavi

Katika mwitu wa Kongo kuna mti mkubwa ambao wauzaji wa mbao huuita sapelli. Urefu wake hupita mita 40, na shina lake ni nyofu kama nguzo ya kanisa. Mbao zake ni nyekundu na nzuri, nazo hupelekwa mbali hata Ulaya.

Lakini mti huo una mali nyingine. Wakati wa mvua, kipepeo wa usiku hutaga mayai katika majani yake. Mayai hutoa viwavi, navyo hula majani mpaka vinenepe. Kisha vingi hushuka chini, na hapo watu huviokota kwa vikapu. Viwavi vikikaushwa vizuri huhifadhiwa kwa muda mrefu. Ni chakula chenye nguvu ya kujenga mwili, kama nyama na samaki, na mama wengi hupata fedha ya shule ya watoto kwa kuviuza.

Basi mti mmoja una thamani mbili. Mwenye kuuangusha huuza mbao mara moja. Mwenye kuuacha huokota viwavi mwaka kwa mwaka, na watoto wake baada yake. Matembezi hufundisha jambo hili vizuri kuliko maneno: wanafunzi husimama chini ya mti, hutazama juu, na huhesabu mikono mingapi inatakiwa kuuzunguka. Kisha huulizana: mti huu ulianza kuota wakati wa nani?

6. Viumbe vya njiani

Asiyepiga kelele huona mengi. Juu ya miti hupita hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa. Mabawa yake hutoa sauti ya kuvuma, hata husikika kabla hajaonekana. Penye matope karibu na kijito hukusanyika vipepeo mamia, weupe, wa manjano na wa buluu. Hawakunywi maji tu. Wanatafuta chumvi iliyo ndani ya udongo.

Asubuhi na jioni hupita kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu. Maniema imejulikana sana kwa kasuku hao, na kwa bahati mbaya imejulikana pia kwa kuwategea. Wategaji huweka gundi mitini, huwafunga ndege katika vikapu, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mwaka 2016 mataifa yalikutana katika mji wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, yakapatana kwamba kasuku wa kijivu wa porini wasiuzwe tena kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa biashara. Katika mkutano huo huo yalipatana hivyo juu ya kakakuona.

Kakakuona ni mnyama mwenye magamba, asiye na meno, anayekula mchwa na siafu. Akiogopa hujikunja kama mpira. Wazee wa Warega walimheshimu sana. Walisimulia kwamba yeye ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, kwa maana magamba yake yamepangwa moja juu ya jingine, kama majani ya paa, hata mvua haipenyi. Leo wanyama hao wamepungua sana kwa sababu ya kuwindwa. Mtoto wa Kama anaweza kukua bila kumwona hata mmoja.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliwaita ndege na wanyama ndugu zake. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa msimamizi wa wale wanaotunza viumbe. Na mwaka 2015 Papa Fransisko aliwaandikia watu wote barua juu ya kuitunza dunia, iliyo nyumba ya wote.

7. Kijito na daraja

Hakuna matembezi marefu katika nchi ya Kama bila kuvuka maji. Kijito kidogo huvukwa kwa mguu au kwa gogo. Kabla ya kuvuka, mkubwa hupima kina kwa fimbo. Maji yakiwa mekundu na kubeba vijiti, ni dalili kwamba mvua imenyesha huko juu, hata kama hapa jua linawaka. Basi kundi husubiri au hurudi. Kijito kilichopanda kwa saa moja hushuka baada ya saa chache. Mwenye subira huvuka salama.

Mito mikubwa zaidi huvukwa kwa mtumbwi, na zamani mahali pengi palikuwa na madaraja ya kamba za mwitu. Mafundi walichagua mahali ambapo miti mikubwa inasimama kila upande wa mto. Walifunga kamba ndefu kutoka mti hata mti, wakasuka sakafu nyembamba chini, na kamba mbili za kushika kwa mikono kulia na kushoto, zikaunganishwa na sakafu kwa kamba ndogo nyingi. Daraja lote lilining'inia kama kikapu kirefu. Lilicheza mtu alipopita, lakini halikukatika, kwa sababu uzito uligawanywa katika kamba nyingi.

Daraja la namna hii lina sheria zake. Watu hupita mmoja mmoja. Hawakimbii. Hawaendi kwa hatua za pamoja kama askari, kwa maana hatua zikipatana, daraja huyumba zaidi na zaidi. Tena kamba huoza. Lazima zitazamwe na kubadilishwa kabla hazijakatika, wala si baada.

8. Hatari na namna ya kujilinda

Mwitu si adui, lakini una mambo yake. Anayeyajua hana haja ya kuogopa sana.

Nyoka aitwaye kifutu hulala chini katika majani makavu, na rangi zake ni kama za majani yale. Hakimbii mtu akija. Ndiyo sababu mtangulizi huenda na fimbo, hutazama mbele ya miguu yake, na hakanyagi upande wa pili wa gogo bila kuona. Mtu akiumwa na nyoka, kidonda kisikatwe kwa wembe, kisinyonywe, wala mguu usikazwe kwa kamba. Mgonjwa alazwe, mguu utulizwe usicheze, na abebwe upesi mpaka kituo cha afya. Akitembea mwenyewe, sumu huenea mbio.

Siafu huvuka njia kwa mstari mrefu mweusi. Kundi huruka juu ya mstari mmoja mmoja, wala hakuna anayesimama karibu. Upepo wa mvua ukianza, watu huondoka chini ya miti iliyokauka, kwa maana matawi yake huanguka. Radi ikipiga, hawakimbilii mti mmoja ulio peke yake uwanjani.

Karibu na maji yaendayo mbio hukaa inzi wadogo weusi. Kuumwa mara nyingi na inzi hao kwa miaka huweza kuleta ugonjwa wa upofu wa mtoni. Kuna dawa yake iitwayo Mectizan, ambayo kampuni ya Merck huitoa bure kwa nchi zenye ugonjwa huo tangu mwaka 1987. Waganga wa vijiji wakiigawa, isikataliwe.

Mwisho, kuna mashimo. Mahali pengi pa Maniema watu huchimba dhahabu na kasiterite. Wakiisha kuchimba, mashimo hujaa maji ya mvua. Maji yale yanaonekana matulivu, lakini kina chake hakijulikani, na kingo zake hubomoka. Watoto wasiogelee humo hata siku ya joto kali.

9. Waliopita zamani

Njia za Maniema zimepitwa na watu wengi. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika Kasongo na Nyangwe kwa miguu, kupitia Ujiji na ziwa Tanganyika. Pamoja nayo kilikuja Kiswahili. Lakini ilikuja pia huzuni kubwa. Watu walikamatwa vijijini, wakafungwa minyororo shingoni, wakabebeshwa pembe za ndovu. Njia ile ile inayompeleka mtoto shuleni leo huenda ilikanyagwa na mtoto aliyelia, asiyerudi kamwe. Anayetembea kwa uhuru afadhali akumbuke hilo.

Daktari Livingstone, Mskoti, alifika Maniema mwaka 1869. Alikuwa amezoea kutembea kuliko Wazungu wengi wa siku zake. Hata hivyo, vidonda vya miguu vilimkamata, vikamzuia kwa miezi mingi katika kijiji cha Bambarre, mahali panapoitwa leo Kabambare. Hakufika Nyangwe, penye mto Lualaba, mpaka mwezi wa tatu wa mwaka 1871. Jemadari anaweza kuzuiwa na adui, lakini msafiri anaweza kuzuiwa na kidonda kidogo asichokiosha. Mkwaruzo wa mguu uoshwe kwa maji safi na sabuni siku ile ile.

10. Njia za vijijini katika Uingereza

Hata katika nchi zenye reli na magari mengi, watu hupenda matembezi ya shambani. Katika Uingereza, karibu kila kijiji kina njia ndogo zinazopita katikati ya mashamba, kando ya vijito, chini ya miti, na kurudi tena penye kanisa. Wazee na watoto huzitembea siku za mapumziko.

Katika kijiji cha Selborne, kusini mwa nchi hiyo, aliishi mchungaji wa Kanisa la Anglikana aitwaye Gilbert White. Alizaliwa mwaka 1720, akafa mwaka 1793. Hakusafiri nchi za mbali. Alitembea katika njia za kijiji chake tu, mwaka kwa mwaka, na kuandika aliyoyaona. Mwaka 1753 yeye na ndugu yake walichimba njia ya kupanda kilima, yenye mapindo mengi ili watu wasichoke. Njia hiyo ipo mpaka leo. Kwa kusikiliza sana, Gilbert White alitambua kwamba ndege wadogo waliofanana, ambao watu walidhani ni wa aina moja, ni wa aina tatu, kwa maana kila mmoja ana wimbo wake. Alieleza pia kwamba nyungunyungu, ambao watu waliwadharau, huilegeza ardhi na kuitia rutuba. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1789, na kinasomwa hata sasa. Elimu yake yote ilitoka katika matembezi ya karibu na nyumbani.

Lakini njia za Uingereza nazo ziligombaniwa. Matajiri wengine walifunga nchi zao, wakaweka walinzi. Mwaka 1932 mamia ya wafanyakazi wa mijini walipanda mlima Kinder Scout bila ruhusa, kwa sababu walitaka kutembea katika hewa safi siku yao ya mapumziko. Wengine wao walitiwa gerezani. Mwaka 1949 serikali ilitoa sheria iliyoamuru njia za miguu ziandikwe katika ramani, ili mtu asizifunge tena. Leo katika Uingereza na Wales njia hizo, pamoja na zile za farasi, hufika kama kilomita 225,000.

11. Njia isiyopitwa hufa

Katika Kama hakuna haja ya tajiri ili njia ifungwe. Mwitu wenyewe huifunga. Mti ukianguka na kufungua nafasi ya jua, majani na miiba hupanda juu ya njia katika majira moja ya mvua. Maji nayo hufanya kazi yake. Yakipata njia inayoshuka, huifuata, huichimba katikati, na kuifanya mfereji.

Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1996, barabara nyingi za Maniema ziliharibika, na garimoshi la Kindu lilisimama mpaka mwaka 2004. Katika miaka ile njia ndogo ndizo zilizobeba mkoa. Chumvi, sabuni na vitabu vilipita kwa migongo na kwa baiskeli za kusukumwa. Na vijiji vilivyosahau njia zao viliteseka zaidi.

Basi kuna kazi ya kutunza, ambayo tangu miaka ya 1970 watu wa Kongo huiita salongo. Kijiji chote hutoka na mapanga na majembe. Kazi si ngumu kueleza. Majani hukatwa hatua mbili kila upande, ili jua likaushe udongo na nyoka asijifiche karibu. Mti ulioanguka hukatwa mapema, kabla watu hawajauzunguka. Penye mteremko huchimbwa mifereji midogo ya kukata njia kwa upande, ili maji yatoke nje yasiichimbe. Penye matope hulazwa magogo. Penye kijito, kamba na magogo ya daraja hutazamwa moja moja.

Wengine husema: "Mimi sipiti njia ile. Shamba langu liko upande mwingine." Lakini usiku mmoja, mama katika kijiji cha mbali hushikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto hakuja vizuri. Wanaume wanne humweka juu ya machela na kuanza kwenda penye mwuguzi. Njia ikiwa safi, hufika kabla ya alfajiri. Ikiwa imefungwa na miiba, na gogo la kijitoni limeoza, hufika jua likiwa juu, na huenda wamechelewa. Hakuna anayejua mapema ni nani atakayebebwa.

Kwa hiyo wanafunzi wanaotembea Dominika, wakiangalia ndege na kuhesabu hatua, hawapotezi wakati. Miguu yao huifungua njia. Macho yao huona gogo lililooza, nao hupeleka habari kwa wazee. Wakirudi nyumbani jioni, wamechoka kidogo, wana njaa, na miguu ina udongo mwekundu. Huosha miguu, hula, husali. Na kesho yake, mtu mwingine mwenye mzigo mzito hupita salama, asijue ni nani waliomtangulia.

Maulizo

1. Kwa nini njia hupinda mahali pasipo na mti wala jiwe?
2. Ni mti gani unaoonyesha kwamba shamba liliachwa si zamani sana?
3. Mti wa sapelli una thamani gani mbili? Ipi hudumu zaidi?
4. Mtu akiumwa na nyoka, ni mambo gani matatu hayafai kufanywa?
5. Mtoto ametembea hatua 5,000, na kila hatua ni nusu mita. Ametembea kilomita ngapi?
6. Gilbert White alijifunza wapi elimu yake?
7. Tembea njia moja ya kijiji chako pamoja na mkubwa. Andika vitu vitano ulivyoviona, na jambo moja linalotakiwa kutengenezwa.